Mkono wa Kushoto Nao Huimba

Mwalimu aliushika mkono wangu wa kulia, akauinua kutoka kwenye kinanda na kuulaza gotini pangu. "Huyu ameongea vya kutosha," akasema. "Sasa tumsikie mwenzake."

Ilikuwa Jumamosi jioni, mazoezi ya kwaya yamekwisha na wenzangu wameshateremka barabarani kutafuta usafiri. Mkono wa kushoto ukabaki peke yake juu ya vitufe, hauna la kusema. Nota zilikuwa mbele yangu na nilikuwa nimezipiga kwa wiki sita mfululizo, lakini bila wa kulia kuniongoza sikujua wa kushoto unaanzia wapi wala unaelekea wapi. Nilikuwa na miaka 37, na nilikuwa nimepiga kinanda kanisani kwa zaidi ya miaka kumi.

Namna nilivyokuwa nikipiga wengi wanaijua. Mkono wa kulia unashika wimbo, wa kushoto unakandamiza nota tatu kwa pamoja na kuhama pale sikio linapodai. Hakuna mtu aliyewahi kulalamika; waumini wanaimba, ibada inakwenda. Lakini mimi ni mwimbaji wa besi. Tangu ujana wangu nasimama mstari wa nyuma kwenye kwaya, na najua kabisa kwamba besi ina njia yake, ina pumzi zake, na ikipotea wimbo mzima unachechemea. Jambo nililolijua kwa koo kwa miaka ishirini sikuwa nimelipeleka kwenye vidole hata mara moja. Kila nikiketi kwenye kinanda, wa kushoto nilimfanya mbeba mizigo.

Wimbo ulionifichua ni Inventio Na. 1 ya Johann Sebastian Bach, mtunzi wa Kijerumani wa karne ya 18. Ni kazi fupi, vipimo 22 tu (kipimo ni kile kipande kidogo cha mapigo kinachotengwa kwa mstari wa wima), na mtu anayeijua huimaliza kwa dakika moja na nusu hivi. Mimi ilinichukua miezi minane.

Niseme kwanza kwa nini Bach. Mimi ni Mlutheri wa Kilimanjaro, na injili ilifika kwetu kwa mikono ya watu wa Misheni ya Leipzig, waliofungua kituo chao cha kwanza Machame mwaka 1893. Leipzig ndio mji wa Ujerumani ambao Bach alitumikia miaka 27 ya mwisho ya maisha yake, na ndiko alikozikwa. Wamisionari walikuja na vitabu vya nyimbo vya Kijerumani, nyimbo zikatafsiriwa, na matarumbeta yakafuata. Leo ukienda kwenye harusi au msiba kwetu utakuta bendi ya matarumbeta inapiga kwa sauti nne zilezile. Baba yake Bach, Johann Ambrosius, alikuwa mpigaji wa aina hiyo, mwanamuziki wa mji wa Eisenach. Nilipoanza kusoma habari za Bach sikuhisi nasoma habari za mgeni. Ule wimbo wa Luther wa Mungu aliye ngome, ambao tuliuimba tukiwa watoto tukidhani ni wa kwetu toka mwanzo, Bach aliutengenezea kantata nzima, yaani kazi ndefu ya waimbaji na vyombo.

Alizaliwa Eisenach mwaka 1685. Mama yake alifariki mwaka 1694, mtoto akiwa na miaka tisa, na baba akamfuata mwezi Februari 1695. Kaka yake mkubwa, Johann Christoph, mpiga ogani wa Ohrdruf, ndiye aliyemchukua kumlea na kumfundisha kinanda. Habari moja ya nyumba ile iliandikwa na watu wa karibu wa Bach baada ya kifo chake: kaka alikuwa na kitabu cha muziki wa mabwana wakubwa wa wakati huo, akakifungia kwenye kabati lenye mlango wa nondo na kumkatalia mdogo wake asikiguse. Mtoto akawa anapenyeza mkono usiku, anakikunja kitabu na kukitoa, kisha anakinakili kwa mwanga wa mbalamwezi kwa sababu hata mshumaa hakupewa. Ilimchukua miezi sita. Kaka alipogundua, akamnyang'anya ile nakala yote.

Watu huisimulia habari hii kuonyesha kipaji. Mimi naona jambo jingine, kwamba mtu aliyenakili kwa mkono wake kila nota ya kitabu kizima amekwisha kujifunza, hata akinyang'anywa karatasi. Na hakuacha tabia hiyo. Mwaka 1705, akiwa na miaka 20 na kazi ya ogani pale Arnstadt, aliomba ruhusa ya wiki nne aende Lübeck kumsikiliza mpiga ogani mashuhuri, Dieterich Buxtehude. Ni mwendo wa kilomita 400 hivi, na habari za maisha yake zinasema alikwenda kwa miguu. Akakaa karibu miezi minne. Aliporudi, wazee wa kanisa walimweka kiti moto, wakamuuliza kwanza alikokuwa, kisha wakamlaumu kwamba siku hizi anachanganya nota za ajabu kwenye nyimbo za ibada hadi waumini wanapotea. Malalamiko hayo niliyasoma kwa furaha ya pekee, maana nimewahi kuyasikia kwenye kikao cha kwaya, karibu neno kwa neno.

Kuna sehemu ya maisha yake ninayoirudia zaidi ya nyingine zote, nayo ni mwaka 1720. Wakati huo alikuwa Köthen, mkuu wa muziki wa Leopold, mtawala wa eneo hilo. Tarehe 22 Januari mwaka huo alianza kitabu kidogo cha kumfundishia kinanda mwanawe wa kiume wa kwanza, Wilhelm Friedemann, aliyekuwa na miaka tisa. Mwezi Mei Bach alifuatana na bwana wake kwenda Karlsbad kwenye chemchemi za maji ya moto. Alipomwacha mkewe, Maria Barbara, alikuwa mzima. Aliporudi mwezi Julai, akaambiwa mlangoni kwamba mkewe aliugua, akafa, na amekwisha kuzikwa.

Kwetu msiba husubiri. Ndugu wakiwa Dar es Salaam au Mwanza, jeneza linasubiri hadi wafike, hata siku tano, hata wiki, na mwenye mji hawezi kuzikiwa mke wake yeye akiwa hayupo. Siku niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu. Nilimfikiria mtu huyu akiingia nyumbani, na yule mtoto wa miaka tisa amekaa pale, umri uleule ambao yeye mwenyewe alimpoteza mama yake. Kile kitabu cha masomo hakikuachwa. Kurasa ziliendelea kujazwa, baba na mwana wakiandika kwa zamu, na ndani yake ndimo zilimo nakala za kwanza za vipande ambavyo baadaye viliitwa Inventio. Humo bado vinaitwa Praeambulum, na vimepangwa kwa kufuata hatua za mwanafunzi.

Mwaka 1723, mwaka uleule aliohamia Leipzig, aliviandika upya kwa mwandiko safi. Ni 15 vya sauti mbili na 15 vya sauti tatu. Ukurasa wa mbele aliupa jina la Mwongozo wa Kweli, akaeleza kwamba ni kwa wapenzi wa kinanda, hasa wenye hamu ya kujifunza, wapate njia iliyo wazi ya kupiga sauti mbili kwa usafi, kisha wakipiga hatua waziweze na tatu. Wajifunze kupata mawazo mazuri na kuyakuza. Na zaidi ya yote wapate namna ya kupiga inayoimba.

Inayoimba! Neno hilo nililipita mara ya kwanza kana kwamba ni pambo.

Sasa nieleze Inventio Na. 1 kwa nota za herufi, kama tunavyoandikiana kwenye kwaya, maana hata asiyejua nota za mistari mitano ataiona. Mkono wa kulia unaanza peke yake: do re mi fa re mi do, kisha so. Basi, hilo ndilo wazo lote. Kabla wa kulia hajamaliza sentensi yake, katikati ya kipimo kilekile, wa kushoto anasema maneno hayohayo oktava moja chini, yaani kwenye do ya chini yake: do re mi fa re mi do. Kipimo cha pili mazungumzo yanahamia kwenye so. Kipimo cha tatu wa kulia analigeuza wazo kichwa chini, lililokuwa likipanda sasa linashuka: la so fa mi so fa la so. Na wa kushoto wakati huo hajakaa bure, anazitamka zile nota nne za mwanzo kwa mwendo wa taratibu, kila moja ikichukua muda maradufu. Mwandishi hana kitu kingine mfukoni. Vipimo vyote 22 vimeshonwa kwa uzi huo mmoja.

Halafu kinakuja kipimo cha saba. Hapo wa kushoto ndiye anayeanza, na wa kulia anamfuata. Kwa wiki sita nzima nilikuwa nikifika kipimo cha saba na kuanguka. Sikukosea hapa na pale, nilikuwa nasimama kabisa. Nilidhani vidole vyangu vya kushoto ni dhaifu, nikavipa mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi ya sauti hadi kiganja kikauma. Mwalimu aliponiondoa mkono wa kulia siku ile, aliona tatizo mara moja: wa kushoto hakuwa dhaifu, alikuwa hajawahi kuulizwa.

"Imba," akaniambia.

"Niimbe nini, Mwalimu?"

"Besi yako. Si wewe ni besi? Imba mstari huu wa chini kwa herufi, toka mwanzo hadi mwisho, usiguse kinanda."

Nikaimba, na nikakwama kipimo cha saba, mdomoni. Ndipo nilipoelewa. Kitu ambacho sauti yangu haikukijua nilikuwa nadai kidole kikijue.

Kwa miezi miwili iliyofuata nilifanya kazi ambayo jirani akisikia haitambui kama ni kujifunza piano. Nilipiga mstari wa kushoto peke yake hadi nikaweza kuuimba nikiwa kwenye daladala. Kisha nikauimba wa kushoto huku mkono wa kulia ukipiga wake. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Siku ya kwanza sikuvuka vipimo viwili, koo linavutwa kwenda kwa wa kulia kila wakati. Kisha kinyume chake. Kuunganisha mikono miwili kulikuja mwisho kabisa, na kulichukua siku nne tu.

Vidole navyo vilikuwa na somo lao. Nilikuwa nimezoea kukipiga kitufe kwa kukinyanyua kidole juu na kukishusha kama nyundo. Johann Nikolaus Forkel, aliyeandika habari za maisha ya Bach mwaka 1802 akitumia maelezo aliyopewa na watoto wake, anasema Bach aliviweka vidole vimekunjwa, kila ncha ikiwa tayari juu ya kitufe chake, na kidole kikiondoka hakinyanyuki, kinateleza kwenye ukingo wa kitufe kuelekea kiganjani. Mwendo ulikuwa mdogo hata mtazamaji aliuona kwa shida. Nimejaribu kwa kutazama kiganja changu kwenye kioo kidogo nilichokisimamisha pembeni ya kinanda. Kidole kinapojikokota kwa ndani, nota inakatika polepole na inayofuata inaipokea bila pengo wala kupandiana, kama pumzi ya mtu anayeimba maneno mawili yaliyoshikana. Kikinyanyuka juu, nota inakatika kama mlango uliobamizwa. Tofauti hiyo utaisikia hata kwenye kinanda cha bei ndogo.

Naongea hivyo kwa sababu nimejifunzia kinanda cha umeme cha vitufe 61, piano halisi sina. Wengi huahirisha wakisema hawana piano kamili ya vitufe 88. Bach mwenyewe hakuwa nayo. Vinanda vyake vya nyumbani vilikuwa hapsikodi, ambayo nyuzi zake hudonolewa, na klavikodi, ambayo sauti yake ni ndogo kiasi kwamba mtu aliye chumba cha pili haisikii. Inventio zote zinaingia ndani ya oktava nne, na kinanda cha vitufe 61 kina tano. Piano ilikuwa chombo kipya enzi zake; alipojaribu za fundi Gottfried Silbermann alilalamika kwamba sauti za juu ni dhaifu na vitufe ni vizito, na baadaye, zilipoboreshwa, akaziridhia. Nota zake nazo hazina hakimiliki tena, zinapakuliwa bure. Kitakachokukwamisha ni kukosa subira, na hata hilo Bach alilijua: Forkel anasema aliwapa wanafunzi wapya mazoezi ya vidole tu kwa miezi kadhaa, na alipoona wanakata tamaa aliwatungia vipande vidogo vizuri vyenye mazoezi hayohayo ndani yake. Mwanafunzi alipopewa kipande kikubwa, Bach alikipiga kwanza chote mbele yake, kisha akasema hivyo ndivyo kinavyopaswa kusikika.

Niliipiga Inventio hiyo kanisani mwezi wa tano, wakati wa sadaka, kabla haijaiva. Mwalimu alinikataza, nikampita. Mikono ilikuwa baridi, watu wanatembea, sarafu zinalia kwenye kapu, na sauti ya wa kushoto sikuisikia tena. Kipimo cha saba kikanimeza. Nikatafuta pa kurudia, nikapakosa, nikaangukia kwenye tabia ya zamani ya kukandamiza nota tatu hadi sadaka ikaisha. Waumini wengi hawakugundua. Mwalimu alikuwa ameketi kiti cha tatu upande wa dirisha na hakuinua uso. Baada ya ibada nikamfuata, "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba." Akanyamaza kidogo. "Umewaacha njiani, mwanangu. Wote wawili." Alimaanisha mikono. Hilo liliniuma kuliko kama angenikemea, na nilirudi mwanzo kabisa, sauti moja moja, kwa kuimba.

Katika miezi ile ya kurudi nyuma nilisoma zaidi habari za Leipzig. Bach alichukuliwa kazi ya muziki ya Mtakatifu Thomas, kanisa na shule yake, baada ya watunzi Telemann na Graupner kukosekana. Miaka ya mwanzo alitunga kantata karibu kila wiki, na kuzinakili sehemu za waimbaji na wapigaji kulihitaji mikono ya wanafunzi na ya nyumbani. Mke wake wa pili, Anna Magdalena, mwimbaji mwenye kazi yake kabla ya kuolewa, alinakili mengi hadi mwandiko wake ukafanana na wa mumewe. Kitabu kilichobeba jina lake kina ule muziki mdogo wa dansi (minueti) wa so kubwa ambao wanafunzi wa piano duniani kote huanza nao kama kazi ya Bach. Mtunzi wake ni Christian Petzold, na mimi pia niliufundishwa kwa jina lisilo lake. Mwaka 1750 Bach alipasuliwa macho mara mbili na tabibu wa Kiingereza, John Taylor, akapofuka kabisa, na tarehe 28 Julai akafariki. Anna Magdalena aliishi karibu miaka kumi zaidi na akafa akiishi kwa msaada unaotolewa kwa maskini. Nalitaja kila ninapomsimulia mtu habari za Bach, maana wengi humalizia kwenye utukufu wa mume na kumwacha mama yule mlangoni.

Sasa niko kwenye Inventio Na. 4, ya re ndogo, na kuna jambo limebadilika kwenye kwaya. Nikifundisha wimbo mpya sianzi tena na soprano. Naanza na besi, kisha alto, watu wenye mistari ambayo hakuna anayeimba akirudi nyumbani. Alto mmoja wa siku nyingi aliniambia kwa mara ya kwanza anausikia wimbo anaouimba.

Binti yangu ana miaka minane. Hakuomba kufundishwa, alikuwa anafanyia kazi za shule mezani wakati mimi naimba besi yangu jikoni na sebuleni, na siku moja nikamsikia uani anafua soksi zake huku akiimba do re mi fa re mi do, so, na hakuwa anaimba wa kulia, alikuwa ameingia nusu kipimo baadaye, pale anapoingia wa kushoto. Nikamwita kwenye kinanda. Mkono wake haufiki oktava, kwa hiyo anapiga wa kushoto tu, na mimi naimba wa kulia nikiwa nimesimama nyuma yake, chini kidogo kwa kuwa sauti yangu haipandi.

Jana tulifika kipimo cha saba. Nilikuwa navuta pumzi nimpe ishara. Hakuisubiri, akaanza.